Kisiwa Kilichozima Nyuklia: Funzo la Taiwan kwa Watu wa Visiwani

Tarehe 17 Mei 2025, katika kituo cha umeme cha Maanshan kilichoko kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Taiwan, kinu cha mwisho cha nyuklia kilizimwa baada ya leseni yake ya miaka 40 kumalizika. Kinu hicho kilikuwa na uwezo wa karibu megawati 950. Kwa kuzimwa kwake, kisiwa chenye watu wapatao milioni 23, ambacho katikati ya miaka ya 1980 kilikuwa kikipata karibu nusu ya umeme wake kutokana na nguvu za nyuklia, kikawa hakipati hata megawati moja kwa njia hiyo.

Tumelichagua jambo hili liwe mazungumzo yetu kwa sababu ni la kisiwa. Nchi ya bara ikizima mitambo yake huweza kuazima umeme kwa jirani. Nyaya zimekwisha pita juu ya mipaka, na jirani naye ana haja ya fedha. Kisiwa hakina nafasi hiyo. Taiwan haikuunganishwa kwa nyaya na nchi yoyote. Kila inachokichoma sharti kifike kwa meli, na kila inachokosea hukilipa yenyewe.

Sisi wa visiwani hatuna haja ya kufundishwa maana ya maneno hayo. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwezi Mei 2008 Unguja iliingia gizani ikakaa humo kwa karibu mwezi mmoja. Desemba 2009 giza lilirudi tena, na safari hii halikuondoka mpaka Machi 2010. Wenye mabucha, wenye hoteli, madaktari, na kina mama waliopanga foleni za maji kwa sababu pampu hazikufanya kazi, wote waliiona thamani ya megawati chache ambazo siku za neema hakuna anayezihesabu. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013, lakini funzo la miezi ile halikupasa kusahauliwa.

Hatukusudii kuhukumu kama nyuklia ni neema au ni balaa. Wapo wataalamu wa pande zote mbili, na kila upande una ushahidi wake. Tunalokusudia ni kuitazama hesabu ya Taiwan, ya fedha na ya mazingira, na kuuliza ni nini kilichofuata baada ya kuzima, na ni nani aliyelipa.

ILIVYOANZA

Taiwan haina mafuta ya kutosha, na migodi yake ya makaa ya mawe ilikwisha kufungwa. Zaidi ya asilimia 95 ya nishati itumikayo huko hununuliwa ng'ambo. Ujenzi wa kituo cha kwanza cha nyuklia, Chinshan, ulikuwa umekwisha anza wakati vita vya Mashariki ya Kati vya mwaka 1973 vilipopandisha bei ya mafuta duniani, na msukosuko huo ukawatia watawala hima zaidi. Vinu viwili vya Chinshan vilianza kazi mwaka 1978 na 1979. Vikafuata viwili vya Kuosheng, mwaka 1981 na 1983, kisha viwili vya Maanshan, mwaka 1984 na 1985. Jumla vikawa vinu 6 vyenye uwezo wa zaidi ya megawati 5,000, vyote mali ya Taipower, shirika la umeme la serikali.

Faida yake kwa kisiwa ilikuwa wazi. Kinu cha nyuklia kikijazwa fueli yake hufanya kazi kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi bila kujazwa tena. Meli zikichelewa kwa tufani, au bei ikipanda kwa vita vya mbali, umeme wake haukatiki. Viwanda vya nguo, vya plastiki, na baadaye vya vyombo vya elektroniki, vilikua kwa umeme wa bei nafuu, na uchumi wa kisiwa ukapanda nao.

Hata hivyo, wananchi hawakuulizwa. Kisiwa kilikuwa chini ya sheria ya kijeshi hadi mwaka 1987, na mtu aliyesimama kuuliza mahali zitakapozikwa taka za nyuklia hakuwa na hakika ya kulala kwake usiku ule.

KWA NINI WALIIKATAA

Sheria ya kijeshi ilipoondolewa, maswali yaliyozuiwa kwa miaka yakatoka kwa pamoja. Chinshan na Kuosheng viko chini ya kilomita 30 kutoka Taipei, mji mkuu. Kisiwa chenyewe kimekaa juu ya mipasuko ya ardhi, na zilzala ni jambo la kawaida. Wavuvi na wapiga mbizi wa kusini walieleza kwamba matumbawe yaliyo karibu na mahali Maanshan inapomwagia maji yake ya moto yalipauka mwaka 1987. Mwaka 1993, karibu na mfereji wa Kuosheng, walionekana samaki wenye migongo iliyopinda, na uchunguzi ukaelekeza kwenye joto la maji.

Tarehe 18 Machi 2001 likatokea jambo ambalo mtu wa pwani yeyote atalielewa. Ukungu wenye chumvi ya bahari ulituama juu ya njia za umeme ziingiazo Maanshan, zikaharibika. Mitambo ya dharura ya kinu kimoja nayo ikashindwa kushika kazi, na kwa takriban saa mbili kinu hicho kikakosa umeme wa kuendeshea vyombo vyake vya usalama. Hakuna mionzi iliyovuja na hakuna aliyedhurika. Lakini ilidhihirika kwamba chumvi ile ile inayokula mabati ya nyumba zetu na misumari ya majahazi yetu yaweza kukiweka kinu cha nyuklia mahali pabaya.

Kisha ikaja tarehe 11 Machi 2011. Zilzala na mawimbi makubwa ya bahari yaliuharibu mtambo wa Fukushima huko Ujapani, nchi iliyosifika kwa uangalifu wake. Watu wa Taiwan walijitazama wakaona kwamba wao wana bahari ile ile, zilzala zile zile, na eneo dogo zaidi la kukimbilia. Kituo cha nne, Lungmen, kilichoanza kujengwa mwaka 1999, kilisimamishwa mwaka 2014 baada ya maandamano makubwa na mgomo wa kula wa mwanasiasa mkongwe Lin Yi-hsiung. Zaidi ya dola bilioni 280 za Taiwan zilikuwa zimekwisha tumika, na kituo hicho hakijapata kuuza umeme hata wa senti moja. (Msomaji akitaka kulinganisha, dola moja ya Marekani ni takriban dola 30 za huko.)

Mwaka 2016 chama cha Tsai Ing-wen kiliingia madarakani kikiwa na ahadi ya kuifanya Taiwan iwe nchi isiyo na nyuklia ifikapo 2025, na Januari 2017 ahadi hiyo ikatiwa katika sheria. Kura ya maoni ya Novemba 2018 ilikiondoa kifungu hicho, lakini serikali haikubadili mwendo. Kila leseni ilipofikia miaka 40, kinu kilizimwa: Chinshan mwaka 2018 na 2019, Kuosheng mwaka 2021 na 2023, Maanshan mwaka 2024 na 2025.

HESABU YA FEDHA

Kilichochukua nafasi ya nyuklia ni gesi. Mpango wa serikali ulikuwa kwamba ifikapo mwaka 2025 nusu ya umeme itokane na gesi, asilimia 30 itokane na makaa ya mawe, na asilimia 20 itokane na jua, upepo na maji. Gesi hiyo hugandishwa kuwa kimiminika huko itokako, hasa Australia na Qatar, husafirishwa kwa meli maalumu, na hugeuzwa tena kuwa hewa ifikapo bandarini.

Hapo ndipo mtu wa kisiwani hana budi kusimama na kufikiri. Makaa ya mawe huweza kulundikwa uwanjani yakangoja. Fueli ya nyuklia hukaa ndani ya kinu kwa mwaka na nusu. Gesi ya kimiminika haingoji. Huhitaji matangi ya gharama kubwa yenye baridi kali, na akiba ambayo sheria ya Taiwan imewataka waagizaji kuiweka ni ya takriban siku 11 tu. Agosti 2022, China ilipofanya mazoezi makubwa ya kijeshi kukizunguka kisiwa hicho, hesabu ya siku 11 ilitoka katika makabrasha ya wahandisi ikaingia katika mazungumzo ya kila nyumba.

Hesabu ya Shirika la Taipower nayo ilitiwa doa jekundu. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi na makaa mwaka 2022, shirika lilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 220 za Taiwan, na mwaka uliofuata karibu bilioni 200 nyingine. Kufikia mwisho wa 2024 hasara iliyolimbikizana ilikuwa imepita dola bilioni 400. Aprili 2024 bei ya umeme ilipandishwa kwa wastani wa asilimia 11, na Oktoba ya mwaka huo viwanda vikaongezewa asilimia 12.5, wakati nyumba za watu zikiachwa.

Ni haki kusema kwamba hasara hiyo haikuletwa na kuzimwa kwa vinu peke yake. Sababu kubwa ilikuwa bei ya dunia, pamoja na uamuzi wa serikali wa kuzuia bei ya umeme isipande kwa kuwaonea huruma wananchi. Lakini kila kinu kilichozimwa kiliongeza gesi ya kununuliwa, na kila tani ya gesi iliyoongezeka ilikifunga kisiwa zaidi kwenye bei isiyopangwa na yeyote wa kisiwani. Taiwan haikuanzisha vita vya Ukraine, ililipa tu.

Lipo pia suala la kukatika kwa umeme. Tarehe 15 Agosti 2017, katika kituo cha gesi cha Tatan, mafundi waliokuwa wakibadilisha kifaa waliifunga kwa makosa njia ya gesi kwa dakika mbili. Mitambo yote sita ikasimama, zaidi ya megawati 4,000 zikapotea kwa mara moja, na mamilioni ya nyumba zikakosa umeme katika joto la Agosti. Waziri wa Uchumi alijiuzulu. Tarehe 3 Machi 2022 hitilafu katika kituo cha Hsinta, kusini, ilizikatia umeme nyumba zaidi ya milioni 5. Matukio yote mawili yalianza kwa makosa ya binadamu, na hakuna kituo cha aina yoyote kisicho na binadamu. Hata hivyo, akiba ikiwa nono, kosa la fundi mmoja husahauliwa baada ya saa moja. Akiba ikiwa nyembamba, kosa hilo humwondoa waziri. Kiangazi kile cha 2017 akiba ilikuwa nyembamba.

Na mahitaji hayakungoja. Kampuni ya TSMC, inayotengeneza sehemu ndogo mno za elektroniki ambazo ulimwengu mzima unazihitaji, peke yake hutumia takriban asilimia 8 ya umeme wote wa kisiwa. Kiwanda cha namna hiyo hakivumilii umeme kuyumba hata kwa nukta moja. Uchumi wa kisiwa ulikuwa ukiongeza mzigo upande mmoja, huku siasa ikipunguza nguzo upande mwingine.

HESABU YA MAZINGIRA

Waliotaka nyuklia izimwe walitamani kisiwa safi. Je, walikipata? Tuzitazame tarakimu.

Mwaka 2016 nyuklia ilitoa takriban asilimia 12 ya umeme wa Taiwan, na jua, upepo na maji kwa jumla vilitoa asilimia 5 hivi. Makaa, gesi na mafuta vilitoa zilizosalia, yaani zaidi ya asilimia 80. Mwaka 2024, baada ya miaka minane ya kazi kubwa, jua, upepo na maji vilikuwa vimepanda hadi karibu asilimia 12, na nyuklia ilikuwa imeshuka hadi asilimia 4 hivi. Makaa, gesi na mafuta vilibaki pale pale, zaidi ya asilimia 80.

Msomaji na azipime tarakimu hizo kwa utulivu. Katika mlango wa bahari wa Taiwan imesimamishwa minara ya upepo inayoonekana toka mbali. Shamba la kwanza la biashara, mbele ya pwani ya Miaoli, lilianza kazi mwaka 2019, na baadaye yakafuata makubwa zaidi mbele ya Changhua. Vioo vya jua vimetandazwa juu ya mapaa na juu ya mabwawa ya samaki. Wavuvi wamepoteza sehemu za bahari walizozizoea, wakalipwa fidia, wengine wameridhika na wengine hawajaridhika. Jitihada hiyo yote ilitosha tu kuliziba pengo lililoachwa na nyuklia. Moshi ulioahidiwa kupungua kwa sababu ya jua na upepo haukupungua kwa kiasi hicho, kwa kuwa nguvu mpya ilikuja badala ya nguvu ambayo nayo haikuwa na moshi.

Lipo badiliko moja jema ambalo si haki kulificha. Ndani ya ile asilimia 80, makaa yalipungua kutoka karibu asilimia 45 hadi chini ya 40, na gesi ikapanda. Gesi haina masizi mengi kama makaa. Watu wa Taichung, wanaoishi karibu na kituo cha makaa chenye megawati 5,500, mojawapo ya vituo vikubwa kabisa vya aina hiyo duniani, walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi kwamba vifua vya watoto wao vinalipa bei ya umeme wa wengine. Kwa hao, kila tani ya makaa isiyochomwa ni nafuu. Lakini wanaweza kuuliza, nao wana haki, kama nafuu hiyo isingekuwa kubwa zaidi iwapo makaa yangezimwa kwanza na nyuklia ikafuata.

Gesi nayo ilidai mahali pake. Ili kuipokea, serikali ilitaka kujenga bandari mpya kwenye pwani ya Datan, Taoyuan. Mbele ya pwani hiyo kuna mwamba uliojengwa na mwani wenye chokaa, tabaka juu ya tabaka, kwa muda wa maelfu ya miaka. Ni makazi ya viumbe wasiopatikana mahali pengi. Watu wale wale waliopinga nyuklia kwa ajili ya kulinda pwani wakajikuta wanagawanyika: wengine wakisema gesi ni ya lazima ili nyuklia izimwe, wengine wakisema hawakuandamana miaka thelathini ili mwamba ule uvunjwe. Jambo lilipelekwa kwenye kura ya maoni Desemba 2021. Waliotaka bandari ihamishwe walishindwa, nayo serikali ilikuwa imekwisha kubali kabla ya kura kuusogeza ujenzi mbali zaidi baharini ili kupunguza madhara.

Kwa hiyo hesabu ya mazingira haina jibu la neno moja. Hatari ya ajali kubwa, ambayo kwa kisiwa kidogo ingekuwa msiba usio na mwisho, imeondoka katika vituo vitatu. Badala yake zimekuja hatari ndogo ndogo nyingi za kila siku: moshi, hewa ya joto, meli za gesi, miamba iliyofukiwa. Msiba mkubwa usiotokea hauna picha wala mazishi, na madhara madogo ya kila siku hayana siku ya kukumbukwa. Ndiyo maana pande mbili hizi huzungumza bila kusikilizana.

TAKA ZIMEBAKI

Neno kuzima lina udanganyifu wake. Taa ikizimwa, kazi imekwisha. Kinu cha nyuklia kikizimwa, kazi nyingine huanza. Sheria ya Taiwan imeweka muda wa miaka 25 wa kukibomoa kituo, na gharama za kubomoa na kuhifadhi taka zilikadiriwa kupita dola bilioni 470 za Taiwan. Chinshan ilipofungwa, mabirika ya maji yanayohifadhi fito za urani zilizotumika yalikuwa yamejaa. Mahali pakavu pa kuzihifadhia palikwisha jengwa mwaka 2013, lakini serikali ya mji wa New Taipei ilikataa kwa miaka mingi kutoa kibali, ikihofu kwamba pa muda patageuka kuwa pa milele. Fito zikabaki ndani ya kinu kilichokufa. Kuosheng kinu kimoja kililazimika kusimama miezi kadhaa kabla ya leseni yake kwisha, kwa sababu hapakuwa na pa kuziweka fito. Mpaka kinu cha mwisho kinazimwa, kisiwa hakikuwa na mahali pa kudumu pa kuzika taka hizo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Taiwan ingali inayaoga.

Aliyelipa kuliko wote hakuwa mtu wa Taipei. Kusini mashariki ya Taiwan kipo kisiwa kidogo kiitwacho Lanyu, chenye eneo la kilomita za mraba 45 hivi na watu wapatao 5,000, wengi wao wa kabila la Tao, wavuvi wa panzi wa baharini, ambao mwaka wao mzima hupangwa kwa kufuata ujio wa samaki huyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ilianza kujenga jengo na gati kwenye ncha ya kusini ya kisiwa chao. Wazee wa Tao wanaeleza kwamba waliambiwa ni kiwanda cha kusindika samaki. Mwaka 1982 yakaanza kuteremshwa mapipa ya taka za nyuklia. Hadi kazi hiyo iliposimama mwaka 1996, baada ya wakazi kuizuia meli isitie nanga, mapipa karibu 100,000 yalikuwa yamekwisha wekwa.

Tao hawakutumia umeme wa kutosha hata kuijaza pipa moja la taka hizo. Waliandamana mwaka 1988 wakiwa na mavazi yao ya vita, wakisema wanamfukuza pepo mbaya. Agosti 2016 Rais Tsai aliomba radhi kwa wenyeji wa asili na kulitaja suala la Lanyu. Uchunguzi wa serikali uliotangazwa baadaye ulithibitisha kwamba hawakuwa wameelezwa, na mwaka 2019 serikali ikatoa fidia ya dola bilioni 2.55. Wengi wao waliikataa. Walisema hawakuomba fedha. Waliomba mapipa yaondoke. Vinu vyote 6 vilipozimwa, mapipa yalikuwa bado yako Lanyu.

Hili twawaomba wakuu wa serikali wa kila kisiwa walisome mara mbili. Kisiwa kikubwa hulalamika kwamba bara halikijali. Lakini kisiwa hicho hicho, kikipata nguvu kidogo, hutafuta kisiwa kidogo zaidi cha kutupia uchafu wake.

WENZAO WA UJERUMANI NA UJAPANI

Ujerumani nayo ilizima. Mwaka 2011 ilikuwa na vinu 17. Baada ya Fukushima ilivifunga 8, na vitatu vya mwisho vilizimwa tarehe 15 Aprili 2023. Huko pia makaa yalidumu muda mrefu zaidi kuliko yalivyopaswa. Lakini mwaka huo wa 2023 jua, upepo na nguvu nyingine za namna hiyo zilitoa zaidi ya nusu ya umeme wa Ujerumani, na palipopungua, nyaya zilileta umeme kutoka kwa majirani zake, wengine wao wakiwa na nyuklia. Ujerumani ilizima ikiwa na mlango wa uani. Taiwan haina mlango huo.

Ujapani, nchi ya visiwa, ilipita njia nyingine. Vinu vyake vyote vilisimama baada ya 2011, na tangu Septemba 2013 hadi Agosti 2015 haikuwa na hata kimoja kinachofanya kazi. Iliagiza gesi na makaa kwa wingi, na mwaka 2011 biashara yake ya nje ikapata nakisi kwa mara ya kwanza tangu 1980. Baadaye ilianza kuviwasha upya kimoja kimoja, kwa masharti magumu zaidi ya usalama. Watu wa visiwa waliouonja msiba wenyewe hawakuona njia nyepesi ya kuachana na nyuklia.

KURA YA AGOSTI 2025

Miezi mitatu baada ya kinu cha mwisho kuzimwa, tarehe 23 Agosti 2025, wananchi wa Taiwan waliulizwa kama Maanshan iwashwe tena iwapo wataalamu watathibitisha usalama wake. Waliosema ndiyo walikuwa milioni 4.3, na waliosema hapana milioni 1.5. Lakini sheria inataka kura za ndiyo zifikie robo ya wapiga kura wote, yaani milioni 5, na hazikufikia. Kura ikaanguka. Hata hivyo, Novemba ya mwaka huo serikali iliipokea tathmini ya Taipower iliyosema kwamba Kuosheng na Maanshan vinaweza kurejeshwa, na mlango uliofungwa Mei ukaanza kupapaswa kitasa chake.

Tunaona hapa jambo la kusikitisha kuliko kuzima au kuwasha kwenyewe. Kisiwa kimejenga kituo cha nne kisichofanya kazi, kimepitisha sheria na kuifuta, kimezima na kuanza kutazama nyuma. Kila zamu ya siasa imekuwa na gharama, na mwananchi amelipia zote.

YATUPASAYO SISI

Mambo haya yana maana kwetu. Nchi za mwambao wetu zimeanza kuzungumza habari za nyuklia. Kenya ilifikiria kujenga kituo huko Uyombo, Kilifi, na mwaka 2024 wakazi walisimama kuupinga mpango huo kwa ajili ya bahari na uvuvi wao. Tanzania ina urani katika ardhi ya Namtumbo. Haijulikani ni lini mazungumzo haya yatafika mlangoni, lakini ni vyema yatukute tumekwisha kaa na kufikiri.

Kwanza, mpangilio ni jambo kubwa kuliko shabaha. Taiwan ilikuwa na shabaha njema, ya kuondokana na hatari. Kosa lake lilikuwa kuweka tarehe ya kuzima kabla ya kuwa na hakika ya tarehe ya kuwasha. Wahenga walituambia tusiutupe mbachao kwa msala upitao. Ikiwa ni nyuklia, ikiwa ni mitambo ya dizeli, ikiwa ni waya wa zamani wa baharini, cha kale kisiondolewe mpaka kipya kimekwisha onekana kikifanya kazi msimu mzima wa joto na msimu mzima wa mvua.

Pili, kisiwa kihesabu nishati yake kwa siku, si kwa megawati peke yake. Waziri akisimama barazani na kutaja megawati, aulizwe: meli isipofika, au waya ukikatika, tutakaa siku ngapi? Swali hilo lingeulizwa Unguja kabla ya mwaka 2008, pengine giza lingekuwa fupi.

Tatu, taka zihukumiwe kabla ya umeme. Hakuna kinu kinachofaa kuruhusiwa kuwashwa mahali popote mpaka ijulikane kwa jina mahali taka zake zitakapolala, na wenyeji wa mahali hapo wawe wameulizwa kwa lugha yao na kujibiwa ukweli. Mtu aliyeambiwa mapipa ni samaki hawezi kusemwa kuwa alikubali.

Nne, wananchi waambiwe bei. Serikali ya Taiwan iliahidi hewa safi, usalama na umeme wa bei ile ile, vyote kwa pamoja, na deni likajificha ndani ya vitabu vya shirika la umeme kwa miaka miwili mpaka lilipokuwa kubwa mno kufichika. Mwananchi anayeambiwa mapema kwamba usalama una gharama huweza kuichagua gharama hiyo kwa moyo mkunjufu. Anayeletewa deni baadaye huona ametapeliwa, hata kama uamuzi ulikuwa mwema.

Wakuu wetu wanaopanga mambo ya umeme wa visiwa hivi wanazo siku za utulivu za kupanga. Waya wa 2013 unafanya kazi, lakini mahitaji yanakua kila mwaka kwa hoteli mpya, nyumba mpya na viwanda vidogo. Twaomba mipango yao itangazwe hadharani, pamoja na hesabu za akiba na za gharama, wakati ambapo taa bado zinawaka na watu wana nafasi ya kuzisoma.